Sponji na Cheche Majini

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa, hata mumewe. Anaitwa Sponji, na jina hilo alijitafutia mwenyewe mchana kweupe, mbele ya umati.

Ni fundi wa masofa. Karakana yake na duka langu la kutoa kopi zimegawana ukuta mmoja, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ninaisikia kana kwamba ni yangu. Nasikia stepla ikitafuna mbao, kitambaa kikichanwa, nyundo, kimya kidogo, halafu kicheko cha mtu aliyejikumbusha jambo. Makochi ya watu hukaa nje barazani yakiwa uchi, mbao na springi tupu, na wapita njia huyakalia hivyo hivyo mpaka atoke kuwafukuza. Ana mabega ya mtu aliyevuta vitambaa vizito tangu ujana wake, na vidole vigumu kama koleo. Akikupa mkono kukusalimu, kalamu utaishika baadaye.

Mumewe ni kinyozi, ana kibanda mtaa wa pili, mpole kiasi kwamba wateja humpa siri zao zote na yeye hujibu kwa mkasi tu. Wamejaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye tangu anaanza kutambaa hakukalika naye, wakamwita Cheche.

Mji wetu umelala kando ya ufuko mrefu wa mchanga. Nyuma ya ufuko kuna ziwa la maji ya chumvi, jembamba na tulivu, limetengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga tu. Mvua zikinyesha sana ziwa hujaa, na kuna mahali maji hupasua ule ukanda yakakimbilia baharini. Hapo tunapaita Mdomo. Mdomo ukifunguka, mchanga unaosombwa hautupwi mbali. Hutua mbele kidogo, ukajenga fungu chini ya maji, na wimbi likifika juu ya fungu hilo huinuka, husimama wima, kisha hujifungua kwa upande mmoja kama zipu. Hapo ndipo wanapokwenda watu wa mbao, wale wanaopanda mawimbi. Hakuna miamba wala matumbawe. Ukianguka unakula mchanga, unatema, unarudi.

Sponji aliyaona haya kwa mara ya kwanza akiwa ameshapita miaka thelathini na mitano. Alikuwa amepeleka viti kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa. Mwenye mkokoteni anashusha viti, yeye anapumua, anatazama bahari, mara anamwona mwanamke amesimama juu ya maji, anakuja kasi kuelekea ufukweni, magoti yamekunjwa kidogo, uso mkavu kabisa kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Sponji aliacha kupumua. Mwenye mkokoteni alimwita, akamwita tena, mwishowe akaondoka na mkokoteni wake.

Yule mwanamke alikuwa Kamanda, ambaye ana banda la kukodisha mbao pale ufukweni na ana sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya ziwa bila kipaza sauti. Mtu mwingine angemwendea akamuuliza. Sponji hakuuliza. Alifanya kama wafanyavyo mafundi, alirudi karakanani akatengeneza ubao wa kwake. Alichukua sponji ya godoro, ile nene ya daraja la kwanza, akaichonga kwa kisu mbele nyembamba nyuma pana, akaivalisha ngozi bandia ya rangi ya maziwa, akashona pindo pande zote kwa uzi maradufu. Ukiitazama ungedhani ni kitanda cha mtoto wa tajiri. Jumapili akaubeba kichwani, akapita nao mtaa mzima, sisi nyuma yake.

Ubao ulielea. Nitasema haki, ulielea vizuri sana kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili tatu. Halafu ukaanza kunywa maji. Alipofika usawa wa kiuno ulikuwa mzito kama ng'ombe aliyelala, na ilibidi watu wanne waingie kuuvuta. Ulikaa pale mchangani siku kadhaa ukichuruzika. Kamanda alicheka akakaa chini, akacheka akalala, alipoweza kusema akasema, "Mama, huo kaulalie nyumbani. Kesho njoo, nikupe ubao wa kuelea." Tangu saa ile akawa Sponji, na yeye, badala ya kukasirika, akaliandika jina hilo kwa rangi juu ya mlango wa karakana.

Kesho yake alikwenda, na akamchukua Cheche, aliyekuwa na miaka minane. Kamanda aliwaanzisha ziwani, kwenye maji yaliyotulia: kulala kifudifudi katikati ya ubao, kuchota maji kwa mikono, kunyanyuka kwa mkupuo mmoja. Walipohamia baharini, Cheche alisimama siku hiyo hiyo, kama mtu aliyekuwa anajua akasahau. Mama yake alianguka. Alianguka mbele, nyuma, ubavuni, alianguka kabla wimbi halijafika. Alikuwa anarudi karakanani na mchanga masikioni. Kutwa nzima ukutani kwangu nilikuwa nasikia kishindo, pu! Nilidhani anashusha makochi. Kumbe alikuwa amechora umbo la ubao kwa chaki sakafuni, na kila apatapo nafasi analala juu yake na kuruka wima.

Maneno hayakukosekana. Wifi yake, dada wa kinyozi, alikuja makusudi kumsema.

"Wifi, kweli mwanamke mzima, umelala kifudifudi mbele za watu? Watu wanasema nini?"

"Wanasema nini?"

"Wanasema umechanganyikiwa."

"Wifi yangu," Sponji alimjibu huku pini ziko mdomoni, "mimi kutwa nzima niko magotini chini ya makochi ya watu. Niacheni nami nipate mahali pa kusimama."

Wifi aliondoka amevimba, lakini kochi lake lililokuwa pale kwa matengenezo hakuondoka nalo.

Miezi ikapita kabla Sponji hajasimama sawasawa. Aliposimama, hakukaa tena. Miaka ikaenda, akawa mmoja wa watu ambao Kamanda akiwaona wanaingia majini huacha kuwaangalia, maana hana wasiwasi nao. Hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anachagua mawimbi machache, anayapanda tangu yanapozaliwa mpaka yanapokufa kwenye maji ya magotini, ameinua kidevu kama anaendeshwa na dereva. Cheche alikuwa kinyume chake. Kila wimbi lilikuwa la kwake. Aliligeuza, akalikata, akalirushia maji angani, na akianguka alikuwa anaibuka tayari anatafuta jingine. Alipofika miaka kumi na minne hivi aliweka sheria.

"Mama, tukiwa majini usiniite mwanangu. Unaniaibisha."

"Nikuite nani?"

"Usiniite kabisa."

"Sawa," alisema Sponji. "Na wewe ukiwa majini usiniombe kitu."

Wakakubaliana hivyo, na kwa miaka mitatu ukiwakuta kwenye mawimbi ungedhani ni watu wawili waliogombana kwenye foleni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka Kamanda huandaa mashindano. Kwa kawaida ni siku ya kelele na soda, washindi wanapigwa picha, tunarudi nyumbani. Mwaka ule alipata wafadhili, na ikatangazwa kwamba mwanamke atakayeshinda atapelekwa kwenye mashindano makubwa katika mji mwingine mbali huko pwani, nauli, malazi na chakula juu yao. Nafasi ilikuwa moja. Cheche alikuwa anamaliza shule, na safari ile aliitaka kama mtu anavyotaka maji akiwa juani. Mtaa mzima tulikuwa tunasema Cheche anakwenda, Cheche anakwenda. Kisha ikajulikana kwamba Sponji naye amejiandikisha.

Mazungumzo ya nyumbani kwao jioni ile nimeyapata kwa kinyozi mwenyewe, akininyoa, na kwa mara ya kwanza alizungumza kuliko mteja.

"Mama Cheche, umejiandikisha?"

"Nimejiandikisha."

"Na mtoto?"

"Na yeye."

"Sasa mkikutana fainali?"

"Tutasalimiana."

Kinyozi akasogeza sahani pembeni. "Mtoto anaitaka sana ile safari."

"Hata mimi naitaka sana."

"Wewe mtu mzima."

"Kwani watu wazima hawasafiri? Baba Cheche, mimi nimeufunikia mji huu viti vyote. Mbali nilikowahi kufika ni kule kiwandani kununua vitambaa."

Kinyozi alitaka kuongeza neno, lakini Cheche alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Baba, mwache. Ajiandikishe. Ila wewe Mama, nakwambia mbele ya Baba, ukiniachia nitajua. Nitajua, na sitakusemesha mpaka nizeeke."

"Umesikia?" Sponji akamwambia mumewe. "Nipe chumvi."

Siku ya mashindano nilifunga duka. Nani angetoa kopi siku ile? Ziwa lilikuwa limepasua Mdomo wiki hiyo hiyo, na fungu jipya lilikuwa limejijenga safi, upande wa kushoto ukiitazama bahari. Mawimbi yalikuwa yanakuja kwa makundi, makubwa kuliko kimo cha mtu, yenye uso laini. Tatizo lilikuwa moja: maji ya bahari yalikuwa yanakupwa, kwa hiyo ziwa lilikuwa linajimwaga kupitia Mdomo, na mkondo wake ulikuwa unamsukuma kila mtu mbali na pale mawimbi yalipoanzia. Ukikaa kupumzika kidogo tu, ukigeuka unakuta umeshahamishwa.

Fainali waliingia wanawake wanne: Sponji, Cheche, muuguzi mmoja mrefu mwenye miguu ya twiga, na msichana wa chuo ambaye mkondo ulimchukua mapema na hatukumwona tena mpaka mwisho. Kanuni ni rahisi. Kila mtu anapanda mawimbi anayoweza, yanahesabiwa mawili yake bora. Na aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Mwingine akimwingilia mbele, anakatwa alama.

Cheche aliwasha moto tangu mwanzo. Alipanda wimbi la kwanza akaligeuza mpaka majaji wakainuka vitini. Akapanda la pili, la tatu. Watu wa mtaani tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Sponji alikuwa na wimbi moja tu la maana, refu na zuri, basi. Muda mwingine wote tulikiona kichwa chake kule mbali, mikono ikichota maji, ikichota, ikichota, naye haendi popote.

"Anafanya nini yule?" wifi yake aliniuliza. Ndiyo, na yeye alikuwepo, amevaa kofia kubwa, na alikuwa anapiga kelele kuliko mtu yeyote.

"Anakaa palepale," nilisema.

"Kukaa tu? Si apande!"

Kamanda akatangaza kwamba muda unakaribia kwisha. Cheche alikuwa anaongoza. Sponji alihitaji wimbi moja zuri sana. Na bahari, kama vile ilikuwa inasikiliza tangazo, ikatulia ikawa bapa. Mimi nilishaanza kutafuta viatu vyangu.

Halafu kule mbali maji yakabadilika rangi. Mistari mitatu ya giza ikaanza kuja. Wimbi la kwanza alilirukia muuguzi, pua ya ubao ikazama, akapinduka, miguu ya twiga ikaonekana juu. La pili lilikuwa kubwa kuliko yote ya siku ile. Liliinuka juu ya fungu, na chini yake, mahali penyewe hasa pa kuvunjikia, alikuwa Sponji. Pembeni yake, hatua kadhaa upande wimbi linakojifungua, alikuwa Cheche, naye amegeuza ubao, naye anachota maji kwa nguvu zake zote. Akichukua wimbi lile mbele ya mama yake atakatwa alama. Mama yake akilichukua, huenda akampita. Pale ndipo tuliposikia. Upepo ulikuwa unatoka baharini, kwa hiyo hatukukosea, tulisikia sote ufukweni.

"Mama! Niachie!"

Nilimwona kinyozi pembeni yangu ameshika kichwa.

Nilimuuliza Sponji baadaye alifikiri nini wakati ule. Kwanza aliniambia hakufikiri kitu. Halafu akacheka, akasema anadanganya. "Mikono ilisimama," akaniambia. "Yenyewe. Miaka mingapi nimemsukuma yule mtoto kwenye mawimbi? Mikono yangu haijui kitu kingine. Alipoita Mama, ikasimama. Nikaikaripia. Nikasema, nyie, fanyeni kazi."

Akachota mara mbili zaidi, wimbi likamshika, akanyanyuka.

Cheche alijivuta nyuma dakika ya mwisho, wimbi likampitia chini na kumwacha upande wa pili. Sponji aliteremka kwenye ule uso wa maji kama anateremka ngazi za nyumbani kwake. Alikata kona chini, akapanda tena juu, wimbi likaanza kujifunga nyuma yake na yeye akawa mbele yake kidogo tu, wakati wote kidogo tu, mkono mmoja umegusa ukuta wa maji kama anavyopapasa kitambaa kujua ni kizuri. Lilimpeleka, likampeleka, likapita fungu la kwanza, likafifia, likakutana na fungu la ndani likainuka tena, naye bado amesimama. Honi ya kumaliza muda ikalia akiwa juu yake. Alishuka kwenye maji ya magotini, akauchukua ubao, akatoka anatembea.

Alishinda kwa alama chache. Kinyozi alianza kupiga makofi, akakumbuka, akaacha mikono hewani, hajui avae uso gani. Cheche alikuja mbele za watu akampa mama yake mkono, mkono mkavu japo ulikuwa umelowa, akasema "Hongera," kisha akauweka ubao kichwani akaondoka peke yake kwa njia ya ziwani.

Siku zilizofuata nyumba ile iliganda. Cheche alikuwa anazungumza kupitia baba yake. "Baba, mwambie huyo mtu mlango haujafungwa." Kinyozi anageuka, "Mama Cheche, mlango haujafungwa," naye Sponji amesimama palepale. Upande wa pili wa ukuta wangu stepla ilifanya kazi, nyundo ilifanya kazi, lakini kicheko hakikusikika. Na mtaani kila mtu akawa hakimu. Wateja wangu walitoa kopi ya karatasi moja wakabaki nusu saa kutoa hukumu. Wengi walikuwa upande wa mtoto. Wifi ndiye aliyesema kwa sauti: "Mama gani anamnyang'anya mwanawe tonge mdomoni?"

Kisha Kamanda akaja karakanani kushughulikia safari. Aliumauma maneno kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Sponji, nimeulizwa na watu. Ukitaka kumpa wa pili ile nafasi, kanuni zinaruhusu. Nakwambia tu."

Sponji akaweka mkasi chini. "Nani amesema nataka?"

"Hakuna. Nakwambia tu."

"Kamanda, ulinifundisha wewe. Uliponipa ubao uliniambia ni wa mama yake Cheche?"

"Hapana. Nilikwambia usiuvunje."

"Basi. Nimeshinda, naenda. Niambie basi linaondoka lini."

Kamanda alimwangalia, halafu akatoa kile kicheko chake cha kuvuka ziwa, na wapita njia wakageuka.

Lakini asidhani mtu kwamba lilikuwa jambo jepesi kwa Sponji. Alikuja dukani kwangu mchana ule kuomba maji ya kunywa, wakati maji anayo. Alikaa kwenye kiti cha wateja akazungusha glasi mkononi. "Sijutii," akaniambia. "Nikiambiwa nirudie, narudia vilevile. Ila mtoto ananiuma. Ile siyo hasira ya kushindwa. Kushindwa ameshashindwa mara nyingi, anatukana kidogo, anakula, yamekwisha. Hii ni nyingine."

Kesho yake jioni Cheche alitoka shule, badala ya kwenda nyumbani akaingia karakanani. Mimi sikutega sikio. Ukuta ule ni mwembamba, na mashine yangu ya kopi wakati ule nilikuwa nimeizima.

Nilisikia akikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia. Kisha:

"Nilisema niachie."

"Nilisikia," Sponji akajibu.

"Na kule nyumbani nilisema usiniachie."

"Hilo nalo nilisikia."

"Sasa uliamuaje?"

"Nililichukua lile la nyumbani. Ulilisema umeshiba, umesimama, una mwiko mkononi. Lile jingine ulilisema umeogopa."

Nilisikia sauti ya kitambaa kikikunjwa.

"Mimi sina hasira kwamba umeshinda," Cheche alisema, na sauti yake ikakatika kidogo. "Niliomba, Mama. Mbele ya watu wote. Kama mtoto mdogo. Darasani wananiigiza, nikipita wanasema 'Mama, niachie.'"

"Wakikuigiza uwaulize wao wameshika nafasi ya ngapi."

"Siyo kitu cha kucheka."

"Sicheki. Hebu niangalie. Uliona wimbi kubwa, ukalitaka mpaka ukasahau aibu. Mimi ningekushangaa kama usingelitaka. Na ungelipata kwa kuachiwa, leo ungekuwa umekaa hapa unaniuliza kwa nini nilikuachia."

Nilimsikia Cheche akivuta kamasi, na mama yake akimtupia kitu, nadhani kipande cha kitambaa, kwa sababu alisema, "Usifutie hiyo, hiyo ya mteja. Chukua ile pale."

Wakacheka. Wote wawili kwa pamoja, na mimi kule kwangu nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga.

"Ila niambie," Cheche akasema baadaye, na sauti ilikuwa imerudi kuwa yake. "Pale ulikaaje? Mkondo ulikuwa unatuhamisha sote."

"Nilichota maji."

"Muda wote?"

"Muda wote. Mabega yaliwaka moto. Wewe ukimaliza wimbi moja unapumzika, unaangalia majaji. Mimi sikuangalia majaji."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Haya, usikae bure, shika hapa. Vuta. Vuta bwana, siyo nywele za mtu hizo!"

Stepla ikaanza.

Safari ilipofika, tulimsindikiza stendi. Cheche alimbebea ubao, na ulipofunguliwa mfuko nikaona siyo ule mrefu wa mama. Ulikuwa wa Cheche mwenyewe, mwepesi, aliouwekea akiba ya muda mrefu. "Wako mzito kwa mawimbi ya kule," alisema, bila kumtazama mama yake, akikaza kamba. "Na usiukalie kama kochi." Kinyozi alikuwa amemnyoa mkewe nywele fupi kabisa ili zisimsumbue majini, na alikuwa anaieleza kazi yake kwa kila aliyekubali kusikiliza.

Sponji alikaa huko juma zima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala hotelini kama mgeni, na jambo la kwanza alilofanya chumbani ni kukipindua kiti aone kilivyofunikwa chini. Alisikitika. Majini alipita raundi ya kwanza, akawatoa wasichana ambao umri wao ukiujumlisha hauzidi wake kwa mbali. Raundi ya pili alitolewa na binti mmoja ambaye, kwa maneno yake, "alikuwa angani zaidi kuliko majini, sijui alikuwa anashuka kufanya nini." Alirudi pua imebabuka kwa jua, mifuko imejaa zawadi ndogondogo, na hadithi za kututosha mwaka mzima. Hakuna siku nilimwona mtu aliyeshindwa akiwa ameridhika namna ile.

Cheche ndiye aliyeshika karakana wakati huo. Alifunika kiti kimoja peke yake, mwanzo hadi mwisho, maua yote ya kitambaa yakawa yametazama chini. Mwenye kiti alikuja, akakizunguka, akasema hajawahi kuona mtindo mzuri kama huo, akaagiza vingine viwili. Sponji aliporudi ilibidi avifunike hivyo hivyo, maua chini, akilalamika kila pini.

Mwaka uliofuata Cheche alishinda, na alishinda kweli. Alikaa kwenye mkondo akichota maji kwa ukaidi mpaka tukamhurumia, na mawimbi yote mawili makubwa yakawa yake. Mama yake alikuwa wa tatu, nyuma ya muuguzi, na hilo la muuguzi ndilo lililomuudhi. Cheche alisafiri, akafika mbali kuliko mama alivyofika, na siku hizi anasoma chuo huko huko. Likizo akirudi, mizigo inabaki mlangoni kwa baba yake na yeye anakwenda moja kwa moja ufukweni, ambako kwa kawaida anamkuta mtu ameshamtangulia majini.

Sponji sasa nywele zimeanza mvi na goti la kulia linamlalamikia asubuhi. Mwaka jana alitolewa mapema na mwanafunzi mmoja wa Kamanda, katoto ka kike kenye mapengo. Alinuna siku mbili. Alisema majaji walikuwa wanaangalia pembeni, akasema ubao ulipakwa nta mbaya isiyoshika miguu, akasema katoto kenyewe kalikuwa na bahati. Siku ya tatu nilisikia ule mshindo ukutani, pu! Nikajua yuko chini kwenye chaki yake.

Juzi nimemuuliza kama na mwaka huu atashindana. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama bado anakula.